Maharage ya Kopo: Leo Nalifungua Mbele Yenu

Habari zenu wapendwa watazamaji, karibuni tena jikoni kwangu. Mkononi nina kopo la maharage ya rojo la nyanya, gramu 400. Jina la kampuni nimelifunika kwa karatasi makusudi. Sijalipwa na mtu, na nataka tulitazame kopo lenyewe.

Mama yangu vitu hivi hali. Akiona kopo husema, "Mwanangu, chakula nisichokiona nitakiaminije?" Hoja yake nzito, na si ya leo. Mfaransa Nicolas Appert, mtengeneza peremende, alipata zawadi ya faranga 12,000 mwaka 1810 kwa ufundi wa kuchemsha chakula ndani ya chombo kilichozibwa, na vyombo vyake vilikuwa chupa za kioo. Mwaka huohuo, London, Peter Durand akaandikisha hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu, ya kutumia bati. Bati halivunjiki melini, lakini ndani huoni kitu.

Jeshi la majini la Uingereza lilikuja kuyaona hayo. Mwaka 1852, huko Portsmouth, wakaguzi walifungua makopo ya nyama yaliyoletwa na mzabuni wao, Stephen Goldner, wakakuta uozo kopo baada ya kopo. Makopo yalikuwa yamefanywa makubwa, na joto halikufika katikati ya nyama.

Sasa sikilizeni kisa kilichonifanya niwashe kamera leo. Agosti 1919, mjini Canton, Ohio, Marekani, watu 7 walikufa baada ya karamu kwa botulizimu, ugonjwa unaoletwa na sumu ya bakteria anayeota ndani ya chakula. Sumu ilitoka kwenye zeituni nyeusi za California, na zeituni zile zilikuwa ndani ya chupa za kioo! Waliokula waliziona kwa macho yao. Bakteria huyu hustawi pasipo hewa, na mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka tu. Zinataka mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 3 hivi, tena joto hilo lifike katikati ya chakula. Vioo vya wakati ule havikulistahimili, bati lililistahimili. Ndiyo maana hadi leo zeituni nyeusi za California huuzwa zaidi kwenye makopo. Mwaka 1925 jimbo hilo likapitisha sheria ya kukagua viwanda vya makopo.

Haya, tulishike letu. Natazama mishono, juu na chini: imekaa sawa, kutu hakuna. Nabonyeza kifuniko: hakipandi wala hakishuki. Dukani niliacha jingine la aina hiihii, limebonyea palepale kwenye mshono. La hivyo hata wakilipunguza bei, acheni. Na likiwa limevimba, nawasihi, msionje hata kwa ncha ya ulimi, maana sumu hii yaweza kuwemo bila harufu yoyote.

Tarehe inasomeka vizuri. Namba ya toleo ipo, na mimi hii ndiyo naitafuta kwanza, kwa sababu tatizo likitokea, kiwanda kitajua ni makopo ya siku gani ya kuyarudisha. Kilichoniudhi ni viambato, vimeandikwa kwa herufi ndogo mno, mtu wa umri wa mama hawezi kuvisoma. Uzito wa maharage bila rojo haukuandikwa kabisa. Nimeyachuja, nimepima: gramu 235. Mnanunua rojo zaidi ya theluthi, na mlistahili kuambiwa.

Nimefungua, harufu ni ya nyanya iliyoiva. Punje ni nzima, laini, hazijavurugika. Chumvi imezidi kidogo. Nimeyaunga kwa kitunguu na tui la nazi, chumvi ikatulia, yamependeza sana na chapati. Ladha naipa 7 kwa 10. Lebo naipa 4, siongezi.

Mama nimemwekea kibakuli. Amekula vijiko viwili, kisha akaniomba kopo tupu, na sasa amekaa pale dirishani anapapasa mshono kwa kidole.