Kampala hadi Kidepo kwa Prado ya kukodi yenye hema juu: uzoefu wangu

Gari tulilokodi ni Toyota Prado ya petroli, yenye hema la kukunja juu ya paa, kutoka kampuni ndogo ya hapa Kampala. Tulikwenda nalo Hifadhi ya Taifa ya Kidepo: mimi, mume wangu, binti yetu na mama mkwe. Kwa mwenye haraka ya kujua, gari lilikuwa zuri, hema zuri sana, friji mbovu, na fundi wao ni hazina. Aliyebaki na asome, maana kilichoifanya safari hii iende vizuri kilitokea uani kwetu Ntinda, kabla hatujawasha gari kuondoka.

Kwanza mjue tulikokuwa tunakwenda. Kidepo iko kwenye kona ya kaskazini mashariki kabisa mwa Uganda, eneo la Karamoja, mpakani na Sudan Kusini, na Kenya haiko mbali. Ukipitia Gulu na Kitgum ni zaidi ya kilomita 550. Mpaka Kitgum unateleza juu ya lami, ila baada ya hapo tulikutana na murram, yaani barabara ya udongo na changarawe, vumbi na makorongo. Gari letu la nyumbani ni la chini, la kwendea kazini na sokoni, kwa hiyo la kukodi halikuwa anasa.

Bei tuliyopewa ilikuwa dola 75 kwa siku, pamoja na hema, magodoro yake, jiko la gesi, meza, viti na friji ndogo ya gari. Kilomita hazikuwekewa kikomo. Kabla yao nilizungumza na kampuni nyingine iliyokuwa nafuu zaidi. Nilipoomba niione spea tairi siku moja kabla, wakaniambia nitaiona asubuhi ya safari. Nikaachana nao papo hapo. Anayekataa kukuonyesha spea mchana hana atakachokusaidia ukiwa porini usiku.

Hawa wa pili waliniuliza wenyewe: gari tulilete lini? Nikasema jioni ya kuamkia safari, saa kumi, jua lingali juu. Nawasihi wote mnaopanga safari za namna hii, msikubali kukabidhiwa gari alfajiri. Alfajiri mizigo iko mlangoni, watoto wanalia usingizi, na utasaini karatasi yoyote utakayowekewa mbele. Jioni unakagua kwa utulivu, na likionekana tatizo, maduka ya vipuri ya Kisekka bado hayajafungwa.

Alikuja fundi wao mwenyewe, mtu wa makamo aliyefanya kazi Nairobi miaka mingi, Kiswahili chake kinatiririka. Alifungua boneti, tukaanza na mafuta ya injini, maji ya rejeta, mkanda, betri. Hayo yalipita haraka, kila kitu kilikuwa sawa. Tukaja kwenye matairi, na hapo tulikaa.

Ubavuni mwa kila tairi, mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yale manne yaliyokuwa chini yalikuwa mapya kiasi, kashata zake nzima. Spea iliyoning'inia mlango wa nyuma, ndani ya kifuniko chake kizuri cha plastiki, ilikuwa imeandikwa 1114. Niliinamisha ukingo kwa kidole gumba, mpira ukafunguka nyufa nyembamba pande zote. Kwa macho tu ungesema ni jipya, kwa sababu halijawahi kugusa barabara. Lakini mpira huzeeka hata ukikaa tu, na jua la miaka yote hiyo haliuachi salama.

Fundi hakubisha. Alilitazama, akanitazama, akapiga simu ofisini. Kabla ya magharibi bodaboda ilileta tairi lingine, akalivalisha mwenyewe. Hapo ndipo niliamua kwamba kampuni hii nitaitetea, hata kwa haya mengine nitakayoyasema chini.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinipa spana ya magurudumu akasema, "Dada, fungua wewe mwenyewe. Mimi Karamoja sitakuwepo."

Nikajaribu. Nati hazikutikisika. Zilikuwa zimekazwa kwa mashine ya upepo gereji, na spana inayokuja na gari ni fupi, haina nguvu. Mume wangu naye akajaribu, akaishia kutoa jasho. Fundi akatoa bomba la chuma kwenye buti la gari, urefu kama mkono, akalichomeka kwenye mpini wa spana. Nikasukuma kwa uzito wa mwili, nati ikalia, ikaachia. Akazilegeza zote, akazikaza upya kwa mkono mpaka akaridhika, bomba akatuachia. Akatuongezea na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki, kwa sababu kwenye mchanga jeki huzama yenyewe badala ya kuinua gari. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kilichokuwa kwenye orodha ya vifaa vyao vya kukodisha, na ndivyo vilivyotuokoa.

Jiko la gesi nalo tulilipima pale pale. Nilichanganya sabuni ya maji kwenye kikombe, nikapaka kwenye maungio ya mpira na mtungi, nikafungua koki. Povu likaanza kujaa upande wa mtungi, vipovu vidogo vidogo vinavyokua polepole. Gesi ilikuwa inavuja. Fundi alibadilisha mpira, tukapaka tena, safari hii povu likatulia. Jambo hili linachukua dakika chache na sioni kwa nini kampuni hailifanyi yenyewe kabla ya kuleta gari kwa familia yenye mtoto.

Hema lilinifurahisha. Unafungua mikanda, unavuta ngazi, lenyewe linakunjuka. Tulilifungua uani, binti yetu akaingia ndani na tochi kutafuta matundu kwenye chandarua, na zipu zote tukazifunga na kufungua. Hili msilipuuze: kaskazini malaria ni nyingi, na zipu inayokwama nusu ni mlango wa mbu. Watu watatu tulilala ndani bila kubanana. Mama mkwe tulimwekea nafasi kwenye banda, yaani nyumba ndogo ya wageni, la UWA (mamlaka ya wanyamapori ya Uganda) pale Apoka ndani ya hifadhi, maana ngazi ya hema si ya mtu wa umri wake.

Mama magoti yanamsumbua, na Prado iko juu. Tulimwomba apande na kushuka mara kadhaa. "Mama, hapo pa kukanyagia panakutosha?" Akasema panatosha, ila mkono hauna pa kushika. Alikuwa na haki, kishikio cha mlango wa nyuma kilikuwa kimelegea skrubu. Kikakazwa. Kama unasafiri na wazee, waache wajaribu gari wenyewe kabla ya safari, msiwaamulie.

Karatasi: nakala ya kadi ya gari, mkataba wenye majina ya madereva wote wawili, na stika ya bima kwenye kioo. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria Uganda, lakini hiyo humlipa utakayemgonga, gari ulilokodi hailigusi. Ulizeni bima kubwa ipo au haipo, na ni kiasi gani mtabeba wenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Mkataba wetu ulitenga matairi na vioo, maana yake hivyo ni juu yetu. Tuliangalia pia pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto, kwa sababu trafiki wa sare nyeupe huviulizia. Mwisho nikachukua video ya gari lote, kuzunguka polepole, nikisimama kwenye kila mkwaruzo, fundi akiwemo pichani.

Tuliondoka alfajiri kupitia Bwaise, Kawempe na Matugga, kabla foleni haijaamka. Luweero tulinunua mananasi. Karuma tulifunga vioo vyote kwa ajili ya nyani wanaokaa kando ya barabara wakingoja watu wawatupie chakula. Naomba msiwatupie, ndivyo wanavyoishia kugongwa na malori. Kwenye daraja la Nile weka simu chini, kuna ulinzi. Tukalala Gulu, na asubuhi sokoni tukanunua odii, ule mchanganyiko wa karanga na simsim, ambao kwa mkate na chai ni kifungua kinywa cha kutosha kambini.

Kitgum jazeni tangi, hata kama geji inaonyesha zaidi ya nusu. Prado hii ilikwenda kilomita 7 hadi 8 kwa lita, na hema juu linakamata upepo, kwa hiyo msipige hesabu ya gari tupu. Mbele ya hapo petroli tuliyoiona ilikuwa kwenye chupa na vidumu, na hujui imechanganywa na nini. Maji tulibeba jerikeni mbili za lita 20, moja ya kunywa na moja ya kuoshea, na pesa taslimu za noti ndogo, maana mtandao wa simu hupotea na pesa za simu hupotea nao.

Tulipopita Orom, jiwe lilikata tairi la nyuma kushoto. Jua la saa sita, kivuli hakuna. Tukaweka pembetatu, tukashusha mama na mtoto, ubao chini ya jeki, bomba kwenye spana. Nati ziliachia moja baada ya nyingine. Gari la jeshi likasimama, afande mmoja akachungulia dirishani.

"Poleni. Jeki munayo?"

"Tunayo, afande."

"Spea iko na upepo?"

"Imejaa, tuliipima Kampala."

Akatabasamu, akashuka kusaidia kuinua tairi. Kiswahili huku kinakufikisha mbali, kwa wanajeshi, askari wa hifadhi na wafanyabiashara wengi. Karenga tulipata kijana wa kuziba pancha, tukaingia hifadhini tukiwa na spea tena. Ingekuwa ni lile tairi la 2014, sidhani lingefika Karenga kwenye murram ile.

Lawama yangu ya kwanza iko hapa: gari halikuwa na pampu ya upepo. Kwenye murram na mchanga unapunguza upepo kidogo ili tairi likanyage vizuri, na ukirudi lami lazima ulijaze. Bila pampu unabaki kumtafuta mwenye nayo. Kampuni inayojua wateja wake wanakwenda Kidepo haipaswi kuuliza kama inahitajika.

Ya pili ni friji. Nyumbani ilipoa vizuri. Tulipoingia murram, kwenye mitikisiko ya barabara, waya wake ukawa unachomoka kila baada ya muda, mpaka ikakata kabisa. Nyama tuliyotoka nayo Gulu tuliigawa getini kabla haijaharibika. Niliwapigia, wakaniambia nikaze plagi. Nilikuwa nimeshaikaza. Dola za friji hawakurudisha.

Hifadhi yenyewe inastahili maandishi yake. Bonde la Narus wakati wa kiangazi lina nyati wa kufunika uwanda, na tembo, twiga na mbuni. Mto Kidepo ulikuwa mchanga mtupu, miti ya mivumo, jamii ya minazi, imesimama kingo zote mbili. Mwendo ndani ni kilomita 40 kwa saa na hairuhusiwi kutoka kwenye njia, kwa hiyo injini kubwa huihitaji. Unahitaji gari la juu lenye madirisha yanayofunguka vizuri, na hilo tulikuwa nalo. Mama aliona simba juu ya mwamba kabla ya askari wa hifadhi kumwona. Hajanyamaza mpaka leo, na mimi simkatizi.

Kurudisha gari kulikuwa na mvutano. Kijana wa ofisini, si fundi, alitaka kukata pesa ya dhamana tuliyoweka kwa mkwaruzo wa mlango wa nyuma. Nikafungua video, mkwaruzo ukaonekana pale pale, jioni ya makabidhiano, fundi wao amesimama kando. Akanyamaza. Dhamana ilirudi yote, lakini ilichelewa kuliko ilivyoandikwa kwenye mkataba na nililazimika kupiga simu zaidi ya mara moja.

Nitakodi kwao tena. Nitaomba gari hilo hilo na fundi huyo huyo, friji nitaiacha kwao nipunguziwe bei na kubeba kasha langu la barafu, na pampu ya upepo nitataka iandikwe kwenye mkataba kabla sijalipa.