Tathmini ya frePPLe: programu ya kupanga uzalishaji katika kiwanda cha rangi

Programu ya kupanga uzalishaji hupimwa kwa maswali mawili ambayo ofisi ya mauzo huyauliza kila siku: oda hii itatoka lini, na ile iliyoahidiwa wiki iliyopita imekwama wapi. Nimeitumia frePPLe katika kiwanda cha ukubwa wa kati kinachotengeneza rangi za majengo jijini Dar es Salaam, na ninaitathmini kwa maswali hayo kabla ya kitu kingine chochote. Asili yake ni Ubelgiji, toleo lake huria hupatikana bila malipo, na lipo toleo la kulipia lenye nyongeza kadhaa. Maoni yangu ni kwamba inafaa, na kwamba faida yake kubwa kibiashara ni kumzuia muuzaji asitoe ahadi ambayo mashine haziwezi kuitimiza.

Ili faida hiyo ieleweke, inabidi kwanza kutazama upungufu wa hesabu tuliyoizoea. Mifumo mingi ya uhasibu na ghala inayouzwa kwa viwanda hupanga kazi kwa kufuata mahitaji ya malighafi, njia ambayo Joseph Orlicky aliijenga nchini Marekani katika miaka ya 1960. Mfumo huchukua oda, hufungua fomula ya bidhaa, hupunguza kilichomo ghalani kutoka kwenye mahitaji, kisha huhesabu siku kurudi nyuma kutoka tarehe ya kukabidhi mzigo. Kwa malighafi hesabu hiyo ni nzuri, lakini huichukulia mashine kana kwamba haijai. Oda tano za rangi ya mafuta zikiwa na tarehe moja, zote huwekwa kwenye tangi lilelile siku ileile bila onyo lolote. Matokeo yake, uamuzi wa nani asubiri humwangukia msimamizi wa zamu, ambaye kwa kawaida hana taarifa za kutosha kuhusu mteja, faida ya oda wala adhabu ya kuchelewa.

frePPLe huvitazama vikwazo hivi kwa pamoja: uwezo wa kila mashine, malighafi zilizopo na zilizo njiani, kalenda ya zamu na sikukuu, na muda wa kuagiza. Huanza na oda yenye kipaumbele cha juu, na zikilingana kipaumbele hutangulia ile yenye tarehe ya karibu. Kwa kila oda hupanga kurudi nyuma kutoka tarehe iliyotakiwa, na ikiona haiwezekani, hutafuta tarehe ya mapema zaidi inayowezekana kweli. Jambo ninalolithamini kuliko yote ni kwamba kwa oda iliyosogezwa mbele, programu hutaja sababu: tangi fulani limejaa, au malighafi fulani haijafika. Mjadala kati ya mauzo na uzalishaji hubadilika papo hapo. Badala ya kulaumiana, watu huzungumzia kikwazo kimoja kinachojulikana, na huweza kuamua kama waongeze zamu, wanunue malighafi kwa msambazaji wa karibu kwa bei ya juu, au wampigie mteja simu mapema wakiwa na tarehe ya kweli. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye fundi wake anasubiri ndoo za lita 20 huvumilia kuambiwa Ijumaa badala ya Jumanne, ila hasahau alipoahidiwa Jumanne na lori halikutokea.

Faida ya pili iko kwenye uoshaji wa matangi, na kwa kiwanda cha rangi hapo ndipo saa nyingi hupotea. Kutoka rangi nyeupe kwenda krimu, tangi huhitaji kusuuzwa tu. Kutoka nyeusi kwenda nyeupe, linahitaji kuoshwa hadi liwe safi kabisa, la sivyo bechi nzima huharibika. Chukulia kwamba kutoka rangi hafifu kwenda nzito hutumika dakika 20, na kutoka nzito kwenda hafifu dakika 180. Oda zikifanywa kama zilivyoingia, yaani nyeusi, nyeupe, kijani, kisha krimu, uoshaji utachukua dakika 380. Bechi hizohizo zikipangwa nyeupe, krimu, kijani, halafu nyeusi, uoshaji utachukua dakika 60. Tofauti ni saa 5 na dakika 20, yaani theluthi mbili ya zamu ya saa nane, bila kununua mashine mpya wala kumwongezea mtu kazi. Maji na viyeyushi vya kuoshea hupungua pia, pamoja na gharama ya kuyatibu maji machafu kabla ya kuyatoa.

Hapa lakini sifa zina mpaka. frePPLe hukuwezesha kuingiza jedwali la muda wa kubadilisha kutoka rangi moja hadi nyingine, na hulitumia katika hesabu zake, ila kwa kuwa hushughulikia oda moja baada ya nyingine kwa kipaumbele na tarehe, haiahidi mpangilio bora kuliko yote. Mpangaji mwenye uzoefu bado anapaswa kuitazama ratiba na kuzikusanya bechi zinazofanana. Kwangu hili ni jambo linalokubalika, kwa sababu programu humpa mahali pazuri pa kuanzia na humwonyesha mara moja athari ya badiliko lake kwa oda nyingine.

Kuhusu fedha, kiwanda chetu, kama vingi vya hapa, hutegemea malighafi za kuagiza, hasa titani dioksidi inayoipa rangi weupe wake. Meli ikichelewa uzalishaji husimama, na kiwanda kikinunua kwa woga, mtaji hulala ghalani huku riba ya benki ikiendelea. Mpango unaoonyesha kila malighafi itahitajika siku gani humsaidia mnunuzi kuagiza kiasi kinacholingana na kazi itakayofanyika kweli. Unaweza pia kunakili mpango mzima na kujaribu hali tofauti pembeni, kwa mfano zamu ya usiku ikiongezwa, au kontena likichelewa bandarini, bila kuugusa mpango unaotumika. Sehemu hii peke yake inatosha kumshawishi mkurugenzi wa fedha.

Gharama kubwa haiko kwenye leseni. Iko kwenye takwimu. Fomula, kasi za mashine, hesabu ya ghala na muda halisi wa kuagiza lazima viwe sahihi na viendelee kusahihishwa, tena na mtu anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye kazi hiyo. Hata makampuni makubwa yameumia katika eneo hili: mwaka 2001 Nike ilitangaza upungufu wa mauzo wa takriban dola milioni 100, ikitaja matatizo ya mfumo wake mpya wa kupanga mahitaji na ugavi. Kwa hiyo ninashauri kwa msisitizo kwamba mpango wa zamani na mpya viendeshwe sambamba kwa muda, na kwamba kila tofauti ichunguzwe hadi chanzo chake kijulikane.

Upungufu mwingine ni wa matumizi. Skrini zake hazina Kiswahili, hivyo karatasi za kazi za wasimamizi wa zamu inabidi ziandaliwe pembeni, jambo linalowezekana kwa kuwa takwimu huingia na kutoka kwa faili za Excel. Ubao wa kuburuta kazi kutoka mashine moja hadi nyingine umo kwenye toleo la kulipia. Usakinishaji hufanyika kwenye Ubuntu, ambao ni mfumo endeshi wa Linux, au kwa Docker, zana ya kuendesha programu ikiwa ndani ya kifurushi chake, pamoja na hifadhidata ya PostgreSQL, kwa hiyo kiwanda kisicho na mtaalamu wa seva kitalazimika kumkodi. Anayetaka bidhaa ya kibiashara inayotilia mkazo zaidi ubao wa ratiba ya mashine aitazame Opcenter ya Siemens, ambayo zamani iliitwa Preactor, au Asprova ya Japani.

Kiwanda chenye laini moja na bidhaa chache hakiihitaji. Daftari zuri na Excel vitakitosha. Kiwanda ambacho bidhaa nyingi hugombea matangi machache na malighafi zilezile kianze na toleo huria, tena na kitengo kimoja tu, kile ambacho kazi hurundikana mbele yake, na kifikirie toleo la kulipia baada ya takwimu za kitengo hicho kuaminika.