Karibu milioni tatu kubadilisha wayaringi ya nyumba ya zamani: uzoefu wangu, Tanga

Niseme jumla kwanza maana ndiyo wengi mnayoitafuta: shilingi 2,973,000. Nyumba ni ya Kiswahili, iko Ngamiani, vyumba sita pande mbili za korido, jiko, bafu na choo uani. Babu aliijenga miaka ya sitini. Kituo cha Hale kilianza kuzalisha umeme mwaka 1964 na kwa kumbukumbu za mama, taa ya kwanza iliwaka humu muda si mrefu baadaye. Tangu hapo kila aliyeishi humu ameongeza waya yake bila kuitoa ya mwenzake. Vyumba viwili anakaa mama, vinne vimepangishwa. Bei nitakazotaja ni nilizolipa mimi hapa Tanga, kwako zinaweza kupanda au kushuka.

Kilichotusukuma ni majiko ya presha ya umeme. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na mkaa nao haushikiki kwa bei. Mpangaji mmoja akanunua jiko, wa pili akafuata, wa tatu akaleta birika. Nyumba yenyewe iliwekewa waya za balbu, redio na pasi ya Jumamosi! Piga hesabu: birika la wati 2,000 kwa volti 230 linavuta karibu ampia 9. Majiko mawili ya wati elfu moja moja, ampia 9 nyingine. Mtu akipiga pasi hapo, unakaribia 23, zote zinapita kwenye waya moja nyembamba iliyoungwa kwa tepu juu ya dari. Taa ya korido ikawa inafifia kila birika likiwashwa. Halafu soketi ya chumba cha tatu ikaanza kunuka plastiki, na hapo mama akasema inatosha.

Niliita mafundi watatu waje kutazama.

Wa kwanza alisimama koridoni, akatazama juu, akasema laki sita na nusu, vifaa na ufundi, kila kitu humo humo. Nikamuuliza waya gani. "Waya nzuri dada, usiwe na wasiwasi." Hakupanda darini, hakufungua hata swichi moja. Bei hiyo isikushawishi. Vifaa peke yake, kama utakavyoona chini, vinapita hapo mara tatu, kwa hiyo ama anakuwekea uchafu, ama ataishia njiani na kukuambia hela imeisha.

Wa pili alikuwa kinyume chake. Alitaka milioni tano na ushee, achimbe mifereji kuta zote, afukie paipu, apige lipu upya nyumba nzima. Kwa nyumba mpya ya tofali sawa. Ukuta wetu ni mawe na udongo, saruji imepakwa juu tu, na ukigonga msumari mmoja unabeba kipande cha ukubwa wa sinia. Kila mfereji ungegeuka kazi ya fundi mwashi. Nikamwambia paipu zipite juu ya ukuta zionekane, akacheka, akasema hiyo ni wayaringi ya godauni. Mimi nasema hivi: kwa nyumba ya zamani, paipu za juu juu ndizo sahihi. Hazipendezi, kweli. Lakini ukuta unabaki salama, na siku ya kuongeza soketi hakuna anayevunja kitu. Mama alinuna kidogo kuhusu sebuleni kwake, tukapaka paipu rangi ya ukuta, yakaisha.

Wa tatu ndiye tuliyempa kazi. Kasoma VETA, anafanya kazi chini ya mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, na kabla ya kutaja bei alitoa mashine wanayoiita mega. Ile kazi yake ni kusukuma volti 500 kwenye waya ambazo hazina umeme na kupima kama zinavujishana. Kipimo hakitakiwi kushuka chini ya megaomu 1. Laini yetu ya soketi ilisoma karibu na sifuri. Akafungua swichi moja ya zamani, ile nyeusi ya duara, akaigusa waya iliyokuwa nyuma yake kwa bisibisi. Ilikuwa na kifuniko cha mpira, cha kabla ya hizi za plastiki, na mpira ukapukutika kama biskuti. Hapo sikuhitaji mtu wa kunishawishi.

Kwenye meinswichi kulikuwa na jambo baya zaidi. Fyuzi za kauri bado zilikuwepo, lakini ndani yake mtu alishatoa waya ya fyuzi na kuweka nyuzi za shaba zilizochunwa kwenye waya ya kawaida, eti zisikatike katike. Fyuzi kazi yake ndiyo hiyo, kukatika! Ukiizuia, kinachopata moto ni waya ya darini, kwenye mbao. Ethi, yaani waya ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, haikuwepo kabisa. Soketi zilikuwa na matundu matatu, la juu limeunganishwa na hewa. Na kwa sisi tulio karibu na bahari, ongeza kutu: skrubu za soketi nyingi zilikuwa za kijani kwa chumvi, na muungano wenye kutu hupata moto hata kama waya yenyewe ni nzima.

Sasa vifaa. Hapa ndipo hela ilipo, na hapa ndipo watu tunapojidanganya. Tunambana fundi kwenye pointi, yaani kila taa, swichi au soketi anayofunga, elfu kumi ishuke elfu saba, halafu tunaingia dukani na kubeba rola ya bei rahisi kuliko zote. Kwenye jumla yangu, ufundi ni laki nne na themanini, yaani kama sehemu moja ya sita. Waya peke yake ni 1,170,000. Ukimpunguza fundi robo nzima umeokoa laki na ishirini, bei ya rola moja.

Duka la kwanza tuliloingia walitupa rola ya 2.5 (ni unene wa waya, kwa milimita za mraba) kwa elfu arobaini na tano. Fundi hakusema neno, akaomba kisu, akakwangua ncha ya waya. Juu shaba, ndani nyeupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba kwa unene ule ule, kwa hiyo waya iliyoandikwa 2.5 inafanya kazi kama nyembamba zaidi, na inapata moto. Huna kisu? Inyanyue. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini, na tofauti hiyo unaisikia mkononi ukishika rola mbili kwa pamoja. Sumaku haikusaidii hapa, maana haishiki shaba wala alumini. Muuzaji alisema wateja ndio wanaotaka za bei hiyo, na kwa kweli sikuwa na jibu la kumpa.

Tukachukua za kiwandani Dar es Salaam, Africab, zenye alama ya TBS. Rola nne za 1.5 kwa ajili ya taa, elfu sabini na tano kila moja. Rola sita za 2.5 za soketi, laki na ishirini kila moja, mbili nyekundu, mbili nyeusi, mbili kijani. Waya nene ya kutoka kwenye mita hadi sanduku la breka pamoja na 6 ya laini ya jiko, tulinunua kwa mita, laki na nusu. Paipu 120,000. Vibao, klipu na makorokoro 80,000, na haya makorokoro ndiyo hayaonekani kwenye makadirio ya mtu yeyote, kila jioni unaambiwa skrubu zimeisha. Soketi, swichi na holda 208,000. Sanduku na breka zake 180,000.

Breka ya kuvuja, wanayoiita RCD, 90,000. Fundi wengi wataruka hapa ili bei yao ionekane nzuri, na mteja hatajua. Breka ya kawaida inakata waya ikizidiwa mzigo. Haimjui mtu aliyeshika hita yenye hitilafu bafuni, kwa sababu umeme unaotosha kuua ni mdogo mno kuifanya ikate. Hii nyingine inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ikikosekana miliampia 30 tu, inakata. Ina kitufe cha kuijaribu, kibonyeze mara kwa mara. Ethi, yaani nondo ya shaba iliyogongwa ardhini uani pamoja na waya yake, 75,000. Nikilazimika kupunguza kitu, ningepunguza idadi ya soketi kabla sijagusa hivyo viwili.

Ufundi ulikwenda kwa pointi: taa 14, swichi 14, soketi 15, jumla 43 kwa elfu kumi, halafu elfu hamsini kufunga mita ndogo. Mchoro na muhuri wa mkandarasi laki moja. Kuziba matundu, mbao mbili za dari na rangi, 180,000. Chai na chakula cha fundi na saidia fundi 90,000, na mama alikuwa anawapikia vile vile.

Mita ndogo nne, elfu hamsini kila moja, zimebaki kwenye hesabu. Wenye nyumba za kupanga mnajua vita vya LUKU. Mwenye friji anasema mwenye jiko ndiye anayemaliza yuniti, mwenye jiko anasema yeye anapika mara moja kwa siku. Sasa kila chumba cha mpangaji kina laini yake na mita yake, mwisho wa wiki tunasoma, kila mtu anatoa chake. Ila msidhani mita ndogo zitawashushia bei. Ile bei ya shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi ni ya mita isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, na mita kuu ya nyumba yenye vyumba sita inavuka bila shida, mnaangukia 292. Inayohesabiwa ni ile ya TANESCO, hizi za ndani ni za kupunguza kelele tu. Na kuanzia kwenye mita kurudi nguzoni si mali yenu, msimruhusu fundi akate sili hata akisema ni dakika moja.

Kuhusu fundi mwenyewe, nampa nane kwa kumi. Alifanya chumba kimoja kimoja ili wapangaji wasikae gizani wote, na karibu kila siku umeme ulirudi kabla ya Magharibi. Waya za zamani alizitoa zote darini, hakuziacha zining'inie. Mwisho akapima tena kwa mega mbele yangu, laini kwa laini, akaandika namba kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa sanduku. Kila breka ina jina: taa mbele, soketi chumba cha pili, jiko.

Mbili nilizomnyima: vumbi, maana hakufunika kitu hata tulipomwambia, kabati la mama lilifutwa wee. Na siku waya ya kijani ilipoisha alitaka kutumia nyeusi kwenye ethi ya uani, azungushie tepu ya kijani nchani. Nikakataa, akaona ninamchelewesha. Lakini tayari rangi ni mtihani, zipo nyumba za nyekundu na nyeusi na zipo za kahawia na bluu, na fundi atakayekuja miaka kumi mbele hatajua tepu ile ilikuwa na maana gani, kama bado itakuwepo.

Malipo tulikubaliana kianzio, kisha baada ya vyumba vitatu, kisha salio baada ya kupima. Vifaa nilinunua mwenyewe nikiwa naye, risiti kwa jina langu. Wengine humpa fundi hela yote akanunue. Mimi siwezi.

Sasa hivi majiko mawili na birika vinawaka pamoja na taa haitingishiki. RCD ilikata mara mbili wiki ya kwanza, zote kwa sababu ya pasi ya mpangaji mmoja ambayo, kumbe, ilikuwa inampiga shoti miaka yote na yeye anavaa ndala tu. Pasi imetupwa. Lililobaki ni taa ya korido na ya uani, ambazo zinasoma kwenye mita kuu. Mama anasema wapangaji wagawane, wapangaji wanasema korido ni ya mwenye nyumba, na mpaka naandika hapa bado tunabishana.