Gitaa la mtumba lenye tremolo ya kufuli: kagua daraja kabla ya kuuliza bei

Muuzaji atakwambia gitaa ni zima, limepigwa kanisani tu, na mwenyewe analiuza kwa sababu anahama. Atakutumia picha sita zinazong'aa. Picha unayoihitaji hataituma mpaka umwombe: ya karibu kabisa, ubavuni mwa daraja (kile chuma cha bodini kinachoshika nyuzi), ikionyesha pale bamba la chuma linapoegemea nguzo mbili. Kwenye gitaa lenye tremolo ya kufuli, pesa yako iko hapo. Rangi iliyobanduka, pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) bovu, hata freti zilizoliwa, vyote fundi wa kawaida anavimudu. Daraja likiwa limeliwa, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa ambaye hajawahi kulishika: mfumo huu aliubuni Mmarekani Floyd Rose, akapata hataza yake mwaka 1979. Alikuwa anatafuta dawa ya ugonjwa ambao kila mpiga solo anaujua. Ukibonyeza mkono wa tremolo ya kawaida, yaani fimbo ya darajani inayoshusha na kupandisha sauti ya nyuzi, nyuzi zinateleza kwenye vigingi na pale juu shingoni, na ukiuachia hazirudi zilikotoka. Rose akazibana nyuzi sehemu mbili: juu kwa vibanio vitatu vya chuma, chini ndani ya daraja lenyewe. Zikishabanwa, vigingi vya kichwani havina kazi tena. Unatyuni kwa skrubu ndogo sita za kuzungusha kwa vidole. Daraja nalo linaelea. Nyuzi zinalivuta huku, springi zilizo mgongoni mwa gitaa zinalivuta kule, na lenyewe limesimama katikati kwa makali mawili membamba kama ya kisu.

Sasa jiulize kama unalitaka kweli. Uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, mitano iliyobaki inapanda yote kwa pamoja na hakuna unachoweza kupiga mpaka ubadilishe. Mwimbaji akiomba mshushe nusu toni, wenzako watazungusha vigingi na kuendelea. Wewe utafungua vibanio, utalegeza springi, utatyuni, daraja litahama, utatyuni tena. Kama mkate wako ni sebene au benga, achana nalo. Chukua gitaa lenye daraja lisilocheza, na chenji inayobaki iongezee kwenye ampu. Mimi naandika kwa wale ambao metali na roki ya miaka ya 80 imekwisha kuwaingia damuni na hawasikii la mtu.

La kwanza nililonunua mimi lilinipa somo la bei mbaya. Nilikutana na muuzaji jioni, mahali penye taa hafifu, nikalipiga dakika tano, nikalipenda. Nyumbani nikatoa nyuzi zote ili nilisafishe. Nguzo ya upande wa nyuzi nene ilikuwa imeinama mbele kama jino bovu. Mbao iliyoizunguka ilikuwa imepasuka, na mtu aliwahi kuijaza gundi na njiti za kuchokonolea meno, kisha akapaka rangi nyeusi juu yake. Kila nilipovuta mkono, nguzo ilisogea unene wa unywele mmoja, na unywele huo ulitosha kuharibu kila kitu. Kosa halikuwa la kiwanda, ndiyo maana chapa siitaji.

Tangu hapo naenda mchana, nikiwa na simu yenye programu ya kutyuni, spana ya L ya milimita 3 na sumaku ndogo. Hatua ya kwanza ni kukaza vibanio vya juu, kwa kiasi, maana skrubu zake zikilazimishwa zinakula njia. Tyuni kwa zile skrubu ndogo. Bonyeza mkono mpaka nyuzi zilegee kabisa zianze kugonga pikapu, uachie taratibu, soma simu. Kisha vuta mkono juu, uachie, soma tena. Gitaa zima linasoma vilevile mara zote mbili. Kama baada ya kubonyeza nyuzi zote zinakaa mahali pamoja, na baada ya kuvuta zinakaa mahali pengine, makali yamekwisha au nguzo inacheza. Kama uzi mmoja tu ndio unaohama, usikimbie: huo haujabanwa vizuri, na hapo una sababu ya kuomba punguzo.

Kisha inama uangalie daraja kutoka ubavuni. Bamba linatakiwa liwe sambamba na bodi. Likiwa limenyanyuka nyuma, huenda ni springi tu zinazohitaji kukazwa, au mtu ameweka nyuzi nene bila kurekebisha. Hilo ni suala la bisibisi. Tazama nguzo zimesimama wima. Pitisha macho kwenye mbao kati ya nguzo na pikapu ukitafuta ufa. Mwombe mwenye gitaa alegeze nyuzi uyaone makali: ukiona kidimbwi pale yanapogusa nguzo, rudisha gitaa, shukuru, ondoka. Sumaku nayo ni ya vile vipande sita ambavyo nyuzi zinakalia. Ikinata, ni chuma, na hicho kinavumilia. Isiponata, kwa kawaida ni aloi ya zinki, laini, na skrubu ya kubana uzi ikikazwa kwa hasira kipande kinapasuka.

Haya, tupange foleni. Nimeweka ukomo wa dola 400 za Marekani kabla ya usafiri, na sipangi kwa sauti. Napanga kwa swali moja: daraja likifa, nitapata wapi jingine linaloingia pale pale?

Kwa swali hilo, nafasi ya kwanza zinachukua chapa za LTD na Schecter zenye daraja la Floyd Rose lenyewe, liwe Special au lile la 1000. La 1000 linatengenezwa Korea kwa umbo na vipimo vya lile la awali la Ujerumani. Special ni ndugu yao maskini: vikalio vya nyuzi na kile kipande kizito cha chini ni vya zinki. Lakini vipimo havijaachana mbali, kwa hiyo kipande cha shaba nyeupe utakipata, vikalio vya chuma utavipata, na siku ukijaliwa daraja zima la Ujerumani unaliweka bila kumwita seremala. Tafuta LTD M-200FM au Schecter Omen Extreme 6 FR. Ukiona Schecter Hellraiser C-1 FR inakaribia bei yako, iwahi, ila ujue pikapu zake za EMG zinakula betri ya volti 9, na shingo yake imegundishwa. Hilo la shingo nitalirudia.

Kama kigezo kingekuwa ubora peke yake, ya kwanza ingekuwa Ibanez ya Japani. Familia yake ya RG ilitoka mwaka 1987, mwaka uleule wa JEM ya mpiga gitaa Steve Vai, na daraja la Edge, pamoja na Lo-Pro Edge lililolifuata, ni kazi ya watu waliojua wanachofanya. Nimewahi kushika RG570 iliyochubuka kila kona, daraja lake likirudi kwenye tyuni kama saa. Matatizo ni mawili. Wenye nazo wanazijua thamani yake, hivyo chini ya dola 400 utapata iliyochoka kwelikweli. Halafu vipuri vyake ni vya kusaka, na vya Floyd Rose haviingiliani navyo. Ukibahatika, chukua. Usikae unaisubiri.

Ya tatu, na hii watu wengi wanaipita, ni Jackson DK2 ya Japani. Daraja lake, JT580LP, ni la leseni: kampuni ya Takeuchi ililitengeneza kwa ruhusa ya hataza ya Rose. Neno leseni lina jina baya, ila hili ni miongoni mwa yaliyostahili heshima. Hapa hali ya makali ndiyo inayoamua. Yakiwa safi, umepata gitaa la maana kuliko lolote katika bei hiyo. Yakiwa yameliwa, bei iporomoke au liachwe.

Kisha zinakuja zile utakazoziona kila mahali, Ibanez RG350DX na RG370DX. Shingo nyembamba, nyepesi kupiga, na kijana akiishika haachi. Za katikati ya miaka ya 2000 zina daraja la Edge III, ambalo chuma chake ni laini na mkono wake unaanza kulegea kwenye tundu mapema. Sisemi usinunue. Nasema usilipe bei ya gitaa zima. Zilizofuata zikapewa Edge-Zero II, na nyingi zina herufi Z mwishoni mwa jina, kama RG350DXZ. Kati ya mbili zinazolingana bei, herufi hiyo moja ndiyo ya kufuata.

Ya mwisho ninayoweza kuipendekeza ni Jackson JS32. Ni ya kujifunzia, daraja la leseni la bei ya chini, na inafanya kazi kwa heshima mradi usiifanye kila siku kuwa tamasha. Chini ya hapo kuna magitaa ya zamani yasiyo na ukoo, yenye maandishi ya leseni kwenye bamba na chuma kinachokwaruzika kwa kucha. Hayo hata ya bure ni gharama.

Kuhusu shingo. Wengi wetu magitaa haya yanatufikia kwa ndugu anayerudi kutoka Dubai, Uingereza au Marekani. Shingo iliyofungwa kwa skrubu nne unaifungua, bodi inalala katikati ya nguo, shingo inapita kona hadi kona, na sanduku la kawaida linafunga. Ibanez na Jackson nilizotaja zinakubali hilo. Hellraiser haikubali, itabidi isafiri na kesi yake na mzigo wake. Mwambie ndugu yako alegeze nyuzi na springi kwanza, na skrubu azitie kwenye soksi iliyofungwa fundo.

Walio Dar, Tanga, Mombasa au Unguja wana adui wa ziada, upepo wa chumvi. Skrubu za vibanio zinashika kutu mpaka spana inazunguka patupu. Baada ya kupiga, futa daraja kwa kitambaa kikavu, na kila ukibadilisha nyuzi pakaza vaselini kidogo sana kwenye makali na nguzo. Badilisha uzi mmoja mmoja, au chomeka rundo la sarafu zilizoviringwa kitambaa chini ya daraja lisizame.

Na mkono wenyewe uone kwa macho kabla ya kutoa hela. Unapotea kuliko kitu kingine chochote, wa Edge hauingii kwenye Floyd Rose, na muuzaji anayesema utaupata popote hajawahi kuutafuta.