Loki ya Vespa inayofunguka kwa ufunguo wa kabati: uzoefu wangu, Tabora

Nianze na bei. Loki ya kisanduku cha mbele cha Vespa PX nimeuziwa shilingi 35,000 kwenye duka la spea hapa Tabora mjini. Jina silitaji, ila wenye pikipiki za zamani mtajua nasema wapi, maana maduka yanayokubali hata kusikia neno Vespa yamebaki ya kutafuta kwa tochi. Elfu thelathini na tano. Na inafunguka kwa ufunguo wa kabati la nguo.

Loki ya zamani silalamiki. PX, toleo hili la Vespa, zilianza kutengenezwa Italia mwaka 1977, na hii yangu si ya juzi. Ufunguo ulikatikia ndani, vibao vya ndani vinavyoshika ufunguo vimelika, imefanya kazi yake ikachoka. Shida ni kwamba kisanduku kile, kwa wasiokijua, kipo nyuma ya ngao ya miguu, usawa wa magoti, na kwangu ndiyo benki. Nanunua asali na nta upande wa Sikonge. Daftari, mzani mdogo na hela za warina asali vyote vinakaa mle. Kikikosa loki, hata chai siinywi kwa amani. Naingia mgahawani nimegeuza kiti kutazama barabara.

Sasa huyo kijana wa dukani. Shikamoo hakuna, karibu hakuna. Nikamwekea loki mbovu mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja, akachungulia nje kuiona pikipiki, akasema, "Mzee, hiyo si uwapelekee wanaonunua chuma kwa kilo?" Bodaboda waliokuwa wakisubiri tyubu wakacheka. Nikameza. Mwenye shida ni mimi. Akaingia stoo, akarudi na loki kwenye kimfuko cha nailoni: "Hii ndiyo yenyewe, orijino." Nikaomba risiti, akasema mashine haina mtandao.

Na haki yake nimpe: ilikaa. Ilipita kwenye tundu bila kusumbua, ulimi ukashika pale pale unapotakiwa. Kwa muda kidogo nikawa namsifia kwa watu, kwamba kijana yule ana mdomo mchafu lakini mali anayo. Kuna jirani nilimwelekeza kabisa aende. Naomba radhi kwa jirani huyo.

Aliyeniharibia raha ni mpwa wangu. Alikuwa barazani anachezea bunda la funguo zangu, akachomeka ule wa kabati, akazungusha, kifuniko cha kisanduku kikaanguka mbele. Nikamwambia hakikuwa kimefungwa. Nikakifunga kwa mkono wangu. Akakifungua. Nikampa ufunguo wa kufuli la banda la kuku, nao ukafungua. Bisbisi ndogo, ikafungua. Mwisho mama yake akatoka jikoni na kijiko cha chai, na mpini wa kijiko nao haukukataliwa.

Nikaichomoa na kuipasua nione. Loki za namna hii siri yake ni ndogo: ndani ya silinda kuna vijinafasi, kila kimoja kinakaa kibao chembamba cha shaba chenye springi yake. Ufunguo sahihi unavishusha vibao vyote visawazike na silinda ndipo izunguke. Ufunguo usio wake unaacha kimoja au viwili vimetokeza, loki inagoma. Hii yangu ilikuwa na nafasi tano na vibao viwili. Nafasi tatu zilikuwa tupu kabisa! Na hivyo viwili vilivyokuwepo vimechongwa hovyo kiasi kwamba chochote cha bapa kikiingia vinakubali.

Nikarudi dukani nayo. Niliongea kwa adabu, watu wengi walikuwepo. Nikaiweka mezani, nikamwambia, "Kijana wangu, tazama," nikaifungua kwa ufunguo wa banda la kuku. Mnajua alijibu nini? "Sasa mzee unalalamika nini? Hiyo si faida? Ukipoteza ufunguo, wowote utakusaidia."

Faida.

Duka zima likacheka, na yeye akaelekeza kidole ukutani, kwenye boksi lililoandikwa kwa maka: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Risiti sina, mashine haikuwa na mtandao. Utani naujua, mimi Mnyamwezi, watani tunao nchi nzima. Lakini mtani akikutania, siku ya msiba utamwona kwako anachota maji. Huyu amenitania akabaki na hela yangu.

Nilitafuta kwingine. Ndugu yangu aliye Dar alinipitia maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, akakuta loki nzuri kweli, nzito, ila zinauzwa seti: ya usukani, ya kiti na ya kisanduku, na seti hawaivunji. Ukijumlisha na nauli ya kifurushi kwenye basi, nitauza asali ya msimu kununua funguo. Kuna aliyeniambia nitafute ya LML, ile pikipiki ya India iliyotengenezwa kwa umbo la PX kwa kushirikiana na Piaggio, kwamba vifaa vyake vingi vinaingiliana. Ushauri mzuri, lakini LML ya kung'olewa loki Tabora hii nitaitoa wapi?

Aliyenitoa ni seremala wa Ng'ambo. Nilimpitia kwa mambo ya mizinga, tukasalimiana Kinyamwezi, mwangaluka, mwangaluka baba, akaniuliza mbona nimenuna. Nikamwonyesha. Akafungua mtoto wa meza yake akanionyesha kitasa cha droo, vile vinavyofungwa pia kwenye masanduku ya posta: silinda fupi yenye uzi, pande mbili zimekatwa bapa kisizunguke, nati nyuma, ulimi mwishoni. Shilingi 4,000 na funguo mbili. Ukitaka kununua pima kwanza tundu lako, maana vipo vya milimita 16 na vya 19, na urefu wa silinda hutofautiana. Cha 16 kwenye tundu kubwa kitacheza hata ukikaza nati mpaka ikatike. Sisi tulichukua cha 19, tundu likapigwa tupa kidogo tu.

Ila ulimi wa kitasa cha droo umenyooka, na kisanduku cha Vespa kinataka uliopinda. Fundi akaangalia ile takataka ya 35,000, akachomoa ulimi wake, akaubana kwenye jiliwa, akakata ncha kwa msumeno wa chuma, ukakaa kama umezaliwa hapo. Kwa hiyo siwezi kusema dukani sikupata kitu. Nilipata ulimi. Ulimi mzuri, kusema kweli, chuma chake ni kigumu kuliko cha seremala.

Funguo zote za nyumbani nimezijaribu, kijiko nacho nimekijaribu, kimegoma. Wasiwasi nilio nao ni vumbi na mvua, maana kitasa cha droo kimetengenezwa kukaa ndani ya nyumba na rangi yake ya kung'aa ni nyembamba. Nimegundishia kipande cha tyubu juu ya tundu la ufunguo, na ndani natia unga wa risasi ya penseli. Grisi msitie, inakamata vumbi inakuwa tope. Kama kitafika masika ijayo sijui. Kikifa, ni elfu nne.

Kuhusu duka: nilikusudia nyota moja. Nikiufikiria ule ulimi nasema basi mbili. Halafu nalikumbuka lile neno "faida" na wale waliocheka, nazifuta zote. Mkienda, bebeni funguo zote za nyumbani, mzijaribu kwenye loki mkiwa bado mezani kwake na hela bado iko mfukoni. Akikataa kujaribiwa, ondokeni.

Juzi nimepita pale nje, akaniona, akapiga kelele, "Mzee wa Vespa! Waya za klachi zimeingia!" Sikugeuka. Lakini waya wa klachi nautaka kweli, wangu umebaki nyuzi chache, na mjini hapa sijaona mwingine mwenye nao. Nitamtuma mpwa. Na asirudi bila risiti ya mashine.