Cherehani ya kushonea watoto nyumbani: ninavyozipanga mimi, kutoka Amu (Lamu)

Kabla hujauliza bei, kata vipande viwili vya bafta kwa umbo la sikio la punda, urefu kama kidole cha kati, ncha yake ya mviringo. Vitie mkobani pamoja na kipande cha drili cha kukunja hadi tabaka nne na kipande cha fulana kuukuu. Iwe ni dukani Mombasa, iwe ni kwa fundi wa Malindi anayeuza za mkono wa pili, au kwa jirani wa mtaa wa Langoni anayehama, mwombe mwenye mashine akuache ushone lile sikio. Ukiizunguka ncha bila kutoka nje ya mstari, hapo kuna mazungumzo ya bei. Ukishindwa, usidanganywe na wingi wa mishono iliyochorwa usoni mwa mashine.

Nimechagua sikio la punda kwa sababu ndiye mwanasesere ninayeombwa zaidi hapa kwetu, ambapo mtoto humjua punda kabla hajaijua gari. Lakini nguo nazo ni hivyo hivyo. Kwapa la gauni la mtoto wa mwaka mmoja, shingo ya kanzu ya kijana anayekwenda Maulidi kwa mara ya kwanza, kofia ya jua ya mtoto mchanga, zote ni duara ndogo. Anayeshonea watoto nyumbani hana haja na mbio. Anataka mashine inayosimama pale anapotaka isimame, na ndivyo nilivyozipanga hapa.

Ya kwanza: cherehani nyeusi ya miguu

Ni ile ya chuma, yenye mshono wa kunyooka tu, ukanda wa ngozi na pedali pana chini. Tafuta kichwa cha muundo ambao Singer waliuita 15, au cha wale waliouiga, kama Butterfly ya China. Bobini yake, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ni ya duara, kipenyo chake kama milimita 20, na hiyo haikosekani penye kuuzwa uzi na vifungo. Sindano zake ni zile za kawaida za nyumbani, zenye shina lililo bapa upande mmoja.

Mikono yako yote miwili inabaki na kitambaa, na mguu ndio unaoamua mwendo. Ukifika ncha ya sikio unalegeza mguu, unapiga tundu moja, unaiacha sindano imezama, unainua kiguu cha kubana kitambaa, unageuza kidogo, unapiga jingine. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia Idi, wewe unawasha taa ya chaji na kuendelea. Na drili ya kunjo nne, ambao ndio unene wa kaptura ya shule pale mishono inapokutana, inapita bila kugugumia.

Ina kasoro, nazo uzijue kabla ya kulipa. Haina zigizaga, mshono wa kwenda kushoto na kulia, ya kuzuia ukingo usifumuke. Mimi hutumia mshono wa kufunika: shona vipande migongo ikitazamana, milimita 5 kutoka ukingoni, punguza ubaki milimita 3, geuza, kisha shona tena milimita 7 kutoka kwenye kunjo. Ukingo wote unafichika ndani. Kwa mtoto mchanga naupenda kuliko mshono wa ovaloki, ule wa nyuzi nyingi ukingoni, kwa kuwa hakuna nyuzi za kumkwaruza shingoni wala kwapani.

Kasoro ya pili ni vitambaa vya kuvutika. Mshono wa kunyooka kwenye fulana hukatika siku mtoto anapoivuta shingo ili ivuke kichwa. Lakini kwa joto letu, nguo ya mtoto inayomfaa zaidi ni ya pamba iliyofumwa: poplini, bafta, au leso ya pamba iliyofuliwa hadi ikalainika. Doti moja ina leso mbili, na mbili hizo zinanitolea magauni mawili ya mtoto wa miaka mitatu na masalio ya kushonea wanasesere. Mwili wa mwanasesere mwenyewe huufanya kwa merikani, kitambaa kile kile kilicholetwa pwani yetu na merikebu za Marekani katika karne ya 19 na jina likabaki. Hakivutiki, kwa hiyo punda ukimjaza hageuki kiboko.

Kasoro ya tatu ni kwamba kitako chake ni bapa, na mkono mwembamba wa nguo ya mtoto hauwezi kuvishwa juu yake. Dawa ni kubadili mpango wa kazi: kunja na ushone pindo la mkono wakati kitambaa bado kimelala wazi, kisha ndipo ufunge ubavu.

Sasa, kununua ya mkono wa pili. Hapa nakuomba uende polepole, kwa sababu mashine hizi hudumu kuliko watu, lakini bahari yetu haina huruma na chuma. Zungusha gurudumu la mkono kuelekea kwako, bila uzi, duru kumi. Lizunguke sawasawa, bila mahali pa kukwama. Shika fimbo ya sindano uitikise. Ikicheza kushoto na kulia, imekwisha, na itakuwa ikiruka tundu kila siku. Fungua sehemu ya bobini, pitisha kucha kwenye ncha ya ndoana inayochukua uzi. Kutu ya juu juu husuguliwa, lakini ncha iliyoliwa hukata uzi mpaka uinunue upya. Tazama meno yanayosukuma kitambaa kama bado ni makali. Kisha shona kipande cha bafta na ukigeuze. Ukiona vitanzi vya uzi upande wa chini, usiiache mashine papo hapo. Mara nyingi uzi wa juu umelegea tu au haukupitishwa vizuri. Ikiruka tundu, angalia sindano kwanza. Mfereji wake mrefu utazame upande unaoingilia uzi, nami nimeona mashine nzima zikiuzwa kwa bei ya vyuma chakavu kwa sababu ya sindano iliyogeuzwa.

Kama ni Singer halisi, kuna namba iliyogongwa kwenye kitako. Yenye tarakimu tupu ni ya kabla ya 1900. Kuanzia hapo waliongeza herufi mbele. Umri peke yake si kasoro. Ninachokukataza ni ile ya zamani yenye bobini nyembamba ndefu kama kijiti, inayokaa ndani ya kitu chenye umbo la risasi. Hushona vizuri mno, lakini ukiipoteza bobini moja utahangaika.

Yangu niliipata Malindi kwa shilingi 9,000 pamoja na meza yake, nikaongeza 1,300 kwa ukanda mpya, kesi ya bobini na mafuta. Kichwa nilikifungua, nikakifunga kwa leso mbili na kukipakata ndani ya basi hadi Mokowe, gati la upande wa bara; meza ikasafiri juu na mizigo. Kutoka Mokowe ni boti, na kutoka gatini hadi mlangoni ni punda. Mwambie mwenye punda achukue meza tu. Kichwa kichukue wewe mwenyewe, kwa kuwa kikiangukia mawe ya vichochoro vyetu, chuma kile cha kusubu hupasuka, hakipindi.

Ya pili: ya umeme ya nyumbani yenye zigizaga

Kama utashona fulana, pajama na nguo za kulalia za kuvutika, hii inapanda kuwa ya kwanza. Zigizaga inavutika pamoja na kitambaa, inafunga ukingo, inatengeneza matundu ya vifungo. Sehemu ya meza yake huvuliwa ukabaki mkono mwembamba, na kiguu cha suruali ya mtoto unakivisha pale pale. Singer Heavy Duty 4423 ina mishono 23 na fremu ya chuma ndani, ikipiga hadi tundu 1,100 kwa dakika. Kwenye jaribio la sikio inafaulu kama mguu wako ni mtulivu. Ukiwa na haraka, inakutangulia. Kwa fulana itie sindano yenye ncha ya mviringo, inayosukuma nyuzi pembeni badala ya kuzitoboa. Bila hiyo utailaumu mashine bure.

Sharti langu ni moja, nalo nimelilipia. Soma kibandiko cha volti kabla ya kutoa pesa. Umeme wetu ni volti 240. Mashine zinazoletwa zimetumika kutoka Japani ni za 100, na za Marekani ni za 110 hadi 120. Ya kwanza niliyonunua niliambiwa iko tayari, kwa sababu ilikuwa imebadilishwa plagi. Plagi ilikuwa ya kwetu, mota haikuwa ya kwetu. Ilitoa moshi kabla sijamaliza pindo la kwanza, na lile gauni lilikuwa la arusi ya mtoto wa dada yangu, lenye siku tatu tu. Nilimaliza kwa mkono, sindano na tochi, na hadi leo kibandiko nakisoma mara mbili.

Ya tatu: ya mkono

Kichwa ni kile kile cheusi, ila kuna mpini wa kuzungusha. Kwa ncha ya sikio hakuna inayoishinda, maana unapiga tundu moja moja kama unahesabu tasbihi. Lakini mkono wa kulia umefungwa, na marinda ya gauni yanataka mikono miwili. Kama bibi yako amekuachia, usiiuze. Kichwa cha ukubwa kamili huingia kwenye meza ya miguu, ni kununua meza tu. Vile vichwa vidogo vya robo tatu haviingii. Kwa kumfundishia mtoto wa miaka minane, hii ndiyo.

Ya nne: ovaloki, na iwe mashine ya ziada nyumbani

Nyuzi tatu au nne na kisu kinachokata ukingo huku ukishonwa. Kwa anayeshona sare au fulana za kuuza inajilipa. Kwa wanasesere hapana. Kisu hakingoji ujirekebishe, na sikio lililokatwa halirudi.

Ya tano: ya kiwandani

Mafundi wetu wa mjini wanazipenda, na wana haki. Juki DDL-8700 hufika tundu 5,500 kwa dakika. Sasa piga hesabu ya sikio letu: mzunguko wa sentimita 12, tundu za milimita 2, jumla 60. Kwa mwendo wake kamili sikio zima halifiki sekunde moja. Mota za servo, zile za kupangiwa kasi, zinaweza kupunguzwa mwendo, kweli, lakini utakuwa umelipia mbio usizozitaka, na meza yenye uzito wa kupandishwa ngazi za nyumba zetu na watu watatu. Sindano zake pia ni za shina la duara, haziingiliani na za nyumbani.

Zile ndogo za plastiki zinazotumia betri sizipangi popote. Zilizopita mikononi mwangu zote zilikwama kwenye drili ya kunjo nne.

Pesa itakayobaki

Nunua mafuta ya cherehani yenyewe. Mafuta ya nazi na ya kupikia huganda ndani kama gundi. Ifunike kwa kitambaa, si nailoni, kwa sababu nailoni huzuia unyevu usitoke, na msimu wa masika huu wa kwetu chuma hushika kutu kwa usiku mmoja. Sindano chukua namba 11 kwa vitambaa vyepesi, 14 kwa bafta na leso, 16 kwa drili.

Ya kujazia, sufi ni nyepesi na ina raha kushikwa, lakini ukifua hushikana mabonge. Mwanasesere atakayenyonywa na kufuliwa kila Ijumaa mjaze nyuzi za poliesta. Mishono yake ipige mara mbili, tundu za milimita 2 au chini. Macho yadarizi kwa uzi. Kule Marekani kuna kipimo cha bomba lenye kipenyo cha milimita 31.7, na kitu chochote kinachoingia chote ndani yake hakiruhusiwi kwenye mchezo wa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kifungo cha shati kinaingia na nafasi inabaki. Nami hutumia pini kumi tu, za vichwa vya rangi, na tumbo la punda silifungi mpaka nizihesabu zote kumi koponi.