Kishikizo cha mpira cha upinde wa vayolini: uzoefu wangu, Mbeya

Kishikizo hiki kinavalishwa kwenye frogi, kile kipande cha chini kinachoshika nywele za upinde. Kina tundu la kidole gumba na kikombe kidogo cha kidole cha mwisho. Hadi kunifikia Mbeya kilinigharimu shilingi 28,000, nauli ya basi kutoka Dar ikiwemo.

Kwa kupanga vidole, kinafaa kweli. Gumba linakaa limekunjwa, mkabala na kidole cha kati, na mtoto wa miaka 7 haukamati tena upinde kwa ngumi. Lakini vidole hakivilainishi. Karibu na frogi, kidole cha mwisho ndicho kinachosawazisha uzito wa upinde. Kikishatumbukizwa kikombeni hakina kazi. Siku ukivua mpira kinakakamaa, mkono mzima unabana, na upinde ukigeuka pale chini sauti inakwaruza.

Ulaini unaanzia kwenye penseli. Ishike kama upinde, kunja vidole vyote mpaka ikaribie kiganja, kisha vinyooshe polepole, mara 20. Tazama kifundo cha gumba: kisipocheza, vingine vyote vimefungwa. Hapo ndipo wengi wanapokwama, wanahangaika na kidole cha mwisho wakati kosa liko kwenye gumba.

Ukiingia kwenye upinde wenyewe, usianzie kwenye frogi, ni pazito. Shika pale upinde unaposawazika, juu ya frogi, ncha ikitazama dari. Kiwiko kitulie, vidole peke yake viupandishe na kuushusha sentimita 2 au 3. Ukifikisha mara 10 bila kubana, ulaze upinde, kandamiza kidole cha mwisho hadi ncha iinuke. Kila baada ya siku chache sogeza mkono kidogo kuelekea frogi. Kidole hicho kibaki kimekunjwa, kikisimamia ncha yake, kwa hiyo kata kucha.

Mwezi wa sita na wa saba asubuhi, baridi ya huku inajulikana: loweka kwanza mikono kwenye maji ya vuguvugu. Masika nywele za upinde hurefuka, kaza hadi nafasi kati ya fimbo na nywele, katikati ya upinde, itoshee unene wa penseli, na ulegeze ukimaliza kupiga.

Mimi nawavalisha watoto tu, dakika 10 kwa siku, wiki 3, halafu natoa. Mtu mzima asinunue: kikombe kiko karibu mno na kidole kinajipinda vibaya. Penseli na kioo vinamtosha.